Ufa wa Sebuleni

Mwalimu mstaafu wa jiografia hakuwa na mazoea ya kuzungumza na watu asiowajua. Lakini mwanamke aliyeketi mbele yake katika treni alikuwa akienda kwenye kikao cha kumfukuza yeye mwenyewe katika nyumba ya marehemu baba yake, na kosa lake lilikuwa ufa.

"Kaka zangu wanasema shimo langu la choo ndilo lililopasua sebule." "Sebule peke yake?" mwalimu aliuliza. "Na mtaa mzima, baba. Nilichimba kwa juhudi."

Mwalimu alijiweka sawa kama aliyesimama mbele ya ubao. Alimweleza kwamba ganda la dunia limegawanyika katika mabamba makubwa ya mwamba, na kwamba chini ya mtaa ule mawili yanaachana na kuipasua ardhi, polepole kama kucha zinavyoota.

"Basi kaka zangu hawana kucha. Hawatakubali." "Hata wasomi walikataa, mwanangu. Aliyesema mabara husogea alichekwa, eti ni mtu wa hali ya hewa tu, akafia barafuni. Zaidi ya miaka thelathini baadaye, walipopima sakafu ya bahari na kukuta mwamba mpya ukizaliwa katikati na kusogea pande mbili, ndipo wakamkubali." "Wakamwambia nani?" mwanamke aliuliza.

Hilo halikuwahi kuulizwa katika mtihani.

Treni ilipunguza mwendo. Mwanamke akasimama. "Shuka nami, baba. Wewe watakusikiliza."

Mwalimu akaitazama tiketi yake, ingawa aliijua. "Kituo changu kiko mbele, mwanangu."

"Najua," alisema, akishika mlango. "Hata wale wasomi wako, walipomwacha peke yake, kituo chao kilikuwa mbele."