Bango la Kumpokea Mgeni

Frida, mhasibu wa shirika la visima la Ilula, alipanda basi Iringa mjini akiwa amepakata bango jipya, limeviringishwa, la kumpokea mgeni. Kwenye kiti cha mbele yake, mzee mwenye kofia ya sufu alikuwa ameshazoeana na dada mmoja wa hijabu. Macho hayana pazia, na masikio ya Frida nayo hayakuwa nalo.

"Nimetoka Mbeya, baba," dada alikuwa akisema. "Wafadhili wamenituma nikaangalie kama hela za shirika moja la Ilula zinaleta maji kweli."

"Wale? Tumeshakula semina sita za kunawa mikono!" mzee akajibu. "Wali, kuku, soda. Halafu mwalimu akatunawisha kwa maji ya chupa."

Dada akacheka mpaka akashikilia kiti. Frida naye kicheko kilimpanda, ila maji yale aliyanunua yeye.

"Kisima hakuna, baba?"

"Kipo kimoja, na maji yake matamu. Usije ukawafungia, mwanangu. Waambie tu wapunguze mabango. Kila mgeni na bango lake! Mgeni akiondoka, sisi tunafunikia nyanya."

"Basi leo mtapata jingine," dada akasema. "Mhasibu wao kaniambia nitamtambua kwa bango."

Basi likasimama Ilula, ndoo za nyanya zikainuliwa madirishani. Mzee akageuka, akamwona Frida kainuka nusu, kaganda, bango kalikumbatia.

"Hushuki, mwanangu? Lete nikushikie huo mzigo."