Mubilizi na Mimba Niliyoificha

Mwakeye, mama zangu na dada zangu. Wa kanisani nawasalimu, wa msikitini nawasalimu, na ninyi mliofuata chai nawasalimu pia. Mwenyekiti amenipa nafasi, nami kuongea mbele za watu sijazoea. Mkiona nalia, niacheni nilie, nitaendelea.

Hapa Ilagala nani hana mubilizi uani, ule mti mchungu? Homa, mubilizi. Minyoo, mubilizi. Wengi wenu humu watoto wenu wamepona kwa majani ya mama mkwe wangu, kwa hiyo sikuja kuutukana. Mwanawe aliponioa, yule mama alinipokea kama mtoto wa kumzaa. Akanifundisha mapema kwamba mimba changa haitangazwi, macho ya watu si mazuri. Nikalishika neno lake.

Mimba yangu ya kwanza nilimwambia mume wangu tu. Ilikuwa inakaribia mwezi wa tatu homa iliponishika, naye yuko ziwani kwenye dagaa. Mama akatwanga majani, akakamua, akaniletea kikombe kitandani. Nawaambia ukweli, nilisita. Nilishasikia kwamba mjamzito hapewi mubilizi. Lakini ningekataa kwa maneno gani? Kutoa sababu ni kutangaza mimba, na kukataa bila sababu ni kumwambia mama mkwe kuwa siuamini mkono wake. Nikanywa. Jioni akaleta kingine, nikanywa hicho pia.

Alfajiri tumbo likaanza kukata. Tulikwenda zahanati kwa bodaboda, mama amenikumbatia kwa nyuma nisianguke. Kule ndiko alikojua kwamba nilikuwa na mimba, nayo ilishatoka. Nesi akauliza nilikunywa nini, tukamwambia. Hakutugombeza. Alisema mubilizi unaweza kuharibu mimba, na malaria nayo inaweza. Ipi imefanya, hawezi kusema. Ndugu zangu, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Hata wa kumlaumu kwa uhakika sina.

Ila nilimlaumu mama mkwe. Nilirudi kwetu Simbo nikakaa miezi, simu yake sipokei. Niliyoyasema juu ya yule mama sitayarudia mbele yenu. Siku moja akaja mwenyewe. Amekonda, hata ndani hakuingia, akakaa pale mlangoni.

"Mwanangu, mbona hukuniambia?"

"Mama, ulinikataza."

"Kweli," akasema, "nilikukataza." Akalia mpaka mama yangu mzazi akatoka jikoni kuja kumshika. Sijawahi kuona mtu mzima analia vile. Hasira yangu iliishia pale, ikabaki huzuni, tukarudi nayo Ilagala mimi na yeye.

Namshukuru nesi yule kwa ulimi wake wa upole. Nawashukuru ninyi mliokuja kunipikia uji bila kunihoji. Mubilizi ni dawa, na dawa yenye nguvu ya kuponya ina nguvu ya kudhuru. Siku hizi mama hampi mwanamke majani kabla ya kumwuliza, na mwenye mimba akiwa na homa anamtuma zahanati. Mabinti, akiwauliza, mjibuni.

Mimi sijashika mimba tena. Mungu akinijalia, wa kwanza kuambiwa atakuwa yeye, kabla hata ya mume wangu.