Skrini Iliyofumba Macho

Mwaka wa tisini na tisa, juu ya lori la sukari kutoka Wajir, Ayanle wa mradi wa maji alipakata laptopu iliyokuwa ikichora ramani ya mahali pa kuchimba kisima Tarbaj. Betri ilikaribia kuisha. Akaandika amri moja ya Linux, mfumo ulioendesha kompyuta hiyo, skrini ikazimika.

"Hiyo imekufa," akasema Qali, mama mfanyabiashara wa ngamia aliyeketi kando yake. "Na kisima chetu?"

"Hapana, eedo," akasema Ayanle, akimwita shangazi kwa heshima. " Nimezima kioo tu kisimalize betri. Ndani kazi inaendelea. Ngamia wako akifumba macho, huacha kucheua?"

Qali akatega sikio juu ya mashine. "Inanguruma. Lakini hata ngamia mgonjwa ananguruma."

Lori likasimama Tarbaj. Ayanle akataka kuiwasha skrini. Qali akamshika mkono. "Wacha kwanza. Imalize kucheua."