Fidla Nne za Padri

Febronia alikuwa ameazimia kutomsemesha mtu hadi Ifakara, na kweli alinyamaza, mpaka treni ilipoondoka Mang'ula na mzee aliyeketi mbele yake akajitambulisha kuwa ni baba yake Shija. Hapo amani ya behewa ikaisha.

"Kumbe ni wewe! Ng'ombe wako wamemaliza mpunga wangu, halafu mwanao anakaa bega kwa bega na binti yangu Careen wakipiga fidla!"

"Sikumtuma mimi, mama. Ni Padri wenu. Anasema wakipiga watoto wanne pamoja, wawili wa wakulima na wawili wa wafugaji, bonde litatulia."

"Mpunga wangu haujaisikia hiyo fidla."

"Wala ng'ombe wangu," mzee alikiri kwa heshima zote.

Febronia nusura acheke, akajizuia. Hasira ya msimu mzima haiachwi kirahisi hivyo. Akasema Jumapili Careen haendi kupiga kwa Padri. Mzee akasema na Shija haendi. Tangu mpunga uliwe, hicho kilikuwa kikao cha kwanza cha wakulima na wafugaji kufikia mwafaka.

"Watoto wale hawana wa kuwaongoza wakipiga, unajua," mzee akasema polepole. "Wanatazamana, wanavuta pumzi pamoja, ndipo wanaanza."

"Najua. Careen ananifanyisha mazoezi ya hiyo pumzi jikoni."

"Sasa nani atawaambia kwamba hawaendi?"

Febronia akageukia dirishani. Treni ikasimama Ifakara, abiria wakashuka na mizigo yao, na wale wawili wakabaki wameketi, kila mmoja akimsubiri mwenzake ajibu.