Paa la Gitari Linavuja

Benchi liko nje ya kibanda cha Misheck, fundi viatu wa Runyenjes, na ukiketi pale unaiona nyumba ya Gitari ng'ambo ya barabara, mabati yake yameshika kutu rangi ya chai. Nelius, mkewe Gitari na mama yake Igoki, ndiye huwauzia watu wa benchi kahawa. Asubuhi ile wingu zito lilikuwa limeshuka kutoka mlimani, na nyumbani kwake kulikuwa na madebe mawili ya mbegu ya maharagwe. Alikuwa ameyahamisha mara mbili wiki hiyo, na kila alipoyapeleka, paa lilikuwa limemtangulia kwa tundu. Mbegu ikilowa, msimu umekwisha kabla jembe halijaguswa.

Alimwomba mumewe apande juu ya paa azibe. Gitari, ambaye benchi humwita Injinia kwa kuwa aliwahi kumbebea injinia wa barabara mkoba, alisema mambo ya paa hayataki haraka. Lazima yajadiliwe.

Yakajadiliwa. Misheck alishikilia kwamba mabati ya siku hizi yanachomwa na jua mpaka yanatoa jasho, kwa hivyo hayo si maji ya mvua. Kivuti, aliyepewa jina la Profesa kwa kusoma gazeti la kufungia nyama mpaka mwisho, alisema kosa ni la mlingoti wa simu. Watu wakipigiana simu za mapenzi, misumari inatikisika.

— Kwa hivyo tuzime simu Runyenjes yote? Nelius akauliza.

— Ama Injinia aandike barua kwanza, Profesa akajibu.

— Basi nipeni ngazi. Misumari ninayo, na raba ya kuzibia nimekata kwenye soli ya patapata kuukuu. Nitapanda mwenyewe.

Misheck akaweka kiatu chini.

— Mama Igoki, usiongee hivyo. Mwanamke akipanda paa la mumewe, mume hamalizi mwaka.

— Wiki, Profesa akamsahihisha. Na akipiga nyundo, ni siku hiyo hiyo.

Gitari akafunga vifungo vya koti.

— Mmesikia? Huyu anataka kuniua sababu ya maharagwe.

— Si upande wewe basi, Baba Igoki.

— Na hili goti?

Miaka kumi na minane Nelius amepanda vilima na kuni mgongoni, na hakuna mzee hata mmoja aliyewahi kugundua kwamba mzigo ule unaua mume.

Njoki, mwalimu mgeni wa chekechea, alikuwa amesimama pale akingoja kikombe chake.

— Samahani wazee, akasema. Kwani matundu ni mangapi?

Gitari akamtazama Misheck. Misheck akamtazama Profesa. Profesa akalikunjua gazeti upya, kana kwamba idadi imechapishwa humo.

— Ni matatu, Nelius akasema. Mwalimu, njoo unishikie ngazi.

Msumari wa kwanza uliingia matone yakianza kudondoka. Alipogeuka kutazama ng'ambo, Gitari alikuwa amelazwa kwenye benchi, Misheck anampepea kwa soli, Profesa amemshika mkono akihesabu mapigo.

— Mama Igoki, Gitari akaita, sauti imelegea. Umebakisha mingapi?

— Miwili, akajibu kwa meno yaliyobana misumari.

— Basi piga polepole.

Nelius akautoa wa pili mdomoni, akausimamisha juu ya raba, akaugonga jinsi msumari unavyotaka kugongwa.