Aldona Hakustaafu

Wapendwa mliofika hapa makaburi ya Cheltenham, huyu tuliyemsindikiza ni Aldona Pocock, binti wa Vaitkūnas, mchezaji wa mpira wa kikapu. Kabla udongo haujamfunika, familia ina neno moja la kulikataa mbele yenu nyote. Kwenye ukuta wa klabu yake ya zamani, klabu ya Mwewe, chini ya picha yake kuna kibao kinachosema kwamba alistaafu mwaka 1988. Juzi klabu imetuletea karatasi yenye maneno hayohayo ili yachapwe kwenye ratiba mliyoishika. Hayakuchapwa. Aldona hakustaafu, na wasifu huu umeandikwa ili uongo ule usimfuate kaburini.

Alizaliwa Mei 14, 1960, hapa Adelaide, mtaa wa Woodville, mtoto wa kwanza wa marehemu Kazys na marehemu Elena Vaitkūnas. Wazazi walikuja kwa meli mwaka 1949 kutoka kambi ya wakimbizi Ujerumani, na baba, kama Walithuania wengi wa rika lake, alishuka bandarini na sanduku moja na wazimu wa kikapu. Aligongomelea pete ya pipa juu ya banda la kuku. Mama akalalamika kwamba kuku hawatagi tena kwa vishindo.

"Basi tutakula viazi," baba akamjibu. "Kuku hajawahi kuleta kombe nyumbani."

Miaka minane baadaye akazaliwa Danutė, mdogo wake, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya, na ambaye bado anaitwa Vaitkūnaitė, yaani binti Vaitkūnas kwa Kilithuania.

Alisoma shule ya msingi na sekondari hapohapo Woodville. Enzi hizo wasichana walichezeshwa netiboli, watake wasitake. Siku ya kwanza mwalimu alimwambia, "Ukidaka mpira, simama."

"Nisimame mpaka lini?"

"Mpaka umpasie mwenzako."

"Sasa mwalimu, nimepewa mpira wa nini kama siruhusiwi kwenda nao popote?"

Akatolewa nje kwa utovu wa adabu. Huko nje akawakuta wavulana wanacheza kikapu, na hakurudi tena ndani. Alimaliza masomo Desemba 1977 akiwa na urefu wa mita moja na sentimita themanini na tisa, pamoja na cheti ambacho mpaka leo hakuna aliyekitia machoni.

Mwaka 1979 alisajiliwa na Mwewe, ligi ya taifa ya wanawake ilipoanza akawa tayari nguzo ya timu, na kwa misimu tisa jezi namba 14 haikuvaliwa na mwingine. Mchana alipanga barua katika posta ya Port Adelaide. Jioni alikuwa uwanjani. Aliitwa kambi ya timu ya taifa mara tatu. Mara zote tatu aliachwa siku ya mwisho, na kila mara alirudi nyumbani akisema, "Bado hawajanijua hawa." Aliapa kwamba mara ya nne hawatapata sababu ya kumwacha.

Alifunga ndoa na Graeme Pocock, fundi wa vioo, Novemba 10, 1984, katika kanisa la Walithuania. Graeme alimfikia begani, na hakuona haya. Wajomba walipomtania ukumbini kwamba atambusuje bibi harusi bila ngazi, alisema, "Namsubiri akae." Aldona akavuta kiti akakaa, ukumbi mzima ukapiga makofi.

Sasa tufike kwenye lile jambo lenyewe. Februari 1988 Aldona alimwendea mwenyekiti wa klabu, Bwana Lyle Trenorden, akamwambia kwamba ni mjamzito, atajifungua Septemba, na msimu unaofuata atarudi. Mnaojua klabu zetu mnajua kila mchezaji alikuwa na zamu ya kantini, kuuza pai za nyama na soseji watu wakiingia. Bwana Trenorden akamhamishia kantini moja kwa moja.

"Umetuchezea vya kutosha, bibie. Sasa kalee mwanao."

"Nimeomba ruhusa ya msimu mmoja, sikuaga."

"Tutaona."

"Utaona wewe. Mimi nitacheza."

Machi 9, 1988, barua ilipelekwa makao ya ligi ikieleza kwamba Aldona Pocock, kwa hiari yake mwenyewe, amestaafu. Haikuwa na sahihi. Ilikuwa na jina lake tu, limepigwa kwa taipureta ya ofisi ya klabu, na karani wa ofisi, msichana wa miaka kumi na tisa. Kwa kanuni za ligi ya wakati ule, mchezaji aliyestaafu hakuruhusiwa kurudi mpaka misimu miwili ipite, wala timu ya taifa haikumwita.

Aldona alipata habari hizo nyuma ya meza ya kantini. Mzee mmoja shabiki aliagiza pai, akaomba sosi ya nyanya, kisha akasema, "Hongera kwa kustaafu, binti. Umefanya vizuri kuondoka ukiwa juu."

"Nimestaafu lini?"

"Si imo gazetini?"

Aliweka chini koleo la soseji, akavua aproni, akaenda mpaka ofisini, akakuta mlango umefungwa. Alizunguka ligi nzima na barua za kupinga. Walimjibu kwa heshima, na walimjibu hapana. Kambi ya nne iliitwa Aprili 1989, timu ya taifa ikaondoka bila yeye. Iliuma. Tusijifanye hapa kwamba alikuwa jabali. Alilia siku nzima, mtoto mgongoni, na mama yetu alilia naye. Kesho yake asubuhi kishindo kikasikika tena kwenye banda la kuku.

Misimu miwili ilipokwisha, Mwewe hawakumtaka, na timu ya Launceston, kule Tasmania, ikamchukua. Graeme alifunga karakana yake, wakahama na binti yao Tessa. Juni 16, 1990, Launceston walikuja kucheza hapa Adelaide dhidi ya Mwewe. Aldona alikuwa na miaka thelathini. Mara ya kwanza alipogusa mpira, mtu mmoja jukwaani akapiga kelele, "Rudi nyumbani, mama!"

Aldona akatupia, ukaingia. Akamgeukia yule mtu. "Hapa ndipo nyumbani, bwana!"

Akafunga pointi ishirini na tisa. Aliendelea kucheza mpaka Agosti 1996, goti lilipokataa kabisa, na hata siku hiyo alimwambia kocha kwamba goti ndilo lililoacha mpira, yeye hayumo. Timu ya taifa hakuichezea kamwe. Mwaka 2004 Mwewe walimwalika kuja kuizindua picha yake ukutani. Alikwenda, akasoma kibao, akawaomba walibadilishe lile neno. Wakasema watalijadili. Akarudisha glasi ya mvinyo kwenye sinia bila kuionja, akaondoka, na hakukanyaga tena pale.

Novemba 2022 aliugua, ikagundulika ni saratani ya kongosho. Daktari alimpa miezi mitatu; yeye alijichukulia tisa. Kila asubuhi alitupa mitupo huru ishirini uani kwake, mtaa wa Semaphore, kwanza amesimama, baadaye amekaa kwenye kiti cha jikoni, na kuhesabu ilikuwa kazi ya Graeme. Siku ya kumi na moja ya Julai mwaka huu, 2023, Danutė alimpelekea kugelis, ile ya viazi na nyama ya nguruwe aliyoipenda tangu utoto. Hakuweza kula, aliomba aisikie harufu tu. Hapo Danutė akashindwa kuvumilia.

"Dada, kuna kitu sijakwambia."

"Ile barua?"

Danutė akaiweka sahani chini.

"Nilijua tangu wiki ile ile. We Danutė, ofisi nzima ile nani mwingine alijua kupiga taipu? Trenorden? Yule hata kamba za viatu alifungwa na mkewe!"

Ndivyo ilivyokuwa. Karani wa miaka kumi na tisa alikuwa mdogo wake Aldona, wa tumbo moja. Bwana Trenorden alimwekea karatasi mezani, akasema, "Piga hii. Dada yako anajua." Simu ilikuwa karibu na mkono wake. Hakuiinua kumuuliza dada yake. Alikuwa na shaka, na kazi ile aliipenda, basi akapiga. Na kwa miaka thelathini na mitano, kila Krismasi, alikuwa wa kwanza kumlaani Trenorden mezani.

"Mbona hukuniuliza?" Danutė alisema.

"Nilikuwa nakusubiri uniambie. Umenichelewesha mpaka nimekaribia kufa, shetani wee!"

Danutė alilia, na Aldona akamwacha alie mpaka amalize.

"Msamaha nilikupa zamani, huo usikunyime usingizi. Lakini lile neno bado liko ukutani, na wewe ndiye uliyeliweka. Mkinizika, simama uwaambie. Na jina lako ulitaje. Usije ukamtwisha Trenorden peke yake; ameshakufa, hawezi kujitetea."

Alifariki nyumbani kwake Alhamisi, Agosti 3, 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Graeme.

Viongozi wa Mwewe mliokaa mstari wa pili, asanteni kwa kuja. Baada ya hapa tunakwenda ukumbi wa Walithuania, Norwood; mkate mweusi upo wa kutosha, nanyi mmekaribishwa kama wengine. Ila kibao kile kina skrubu nne, na Tessa anayo bisibisi. Ama mtakitoa nyinyi wiki hii, ama atakuja yeye.

Aldona ameacha mume, Graeme, watoto wawili, Tessa na Julius, wajukuu watatu, na mdogo mmoja, Danutė Vaitkūnaitė, niliyepiga ile barua.

Mungu ampokee mchezaji wetu, na ampe amani.