Jicho la Zamani la Shangazi

Sauti ya kwanza niliyoisikia kutoka kwa Shangazi haikuwa neno. Ilikuwa msonyo. Mmoja tu, mrefu, uliopanda taratibu nyuma ya kiti changu siku niliyoanza kazi, nikiwa nimepanga maandishi ya kijivu hafifu juu ya ukurasa mweupe na kujiona nimefika. Mpaka leo nikigusa kijivu, masikio yangu hujiandaa.

Ijumaa hii, tarehe thelathini, mwenye msonyo huo anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi katika kampuni yetu. Humu ndani si shangazi wa mtu yeyote. Waliompa jina hilo walishaondoka, na sababu yao waliondoka nayo, lakini hakuna aliyewahi kuiulizia. Ukimsikia akikuuliza, "Wewe, umekula?" kwa sauti ya kukushtaki, unaelewa.

Alianza wakati jengo hili lilipokuwa karakana ya mabango. Chumba chetu cha mikutano kilikuwa cha kukaushia vibao, na siku za joto bado kinanukia rangi ya mafuta. Shangazi alipanda ngazi brashi ikiwa mdomoni, akaandika majina ya maduka ya dawa, ya vinyozi na ya shule za udereva. Kuna mteja aliyetaka mlango wake upakwe rangi ya damu ya mzee. Shangazi akamuuliza, "Mzee yupi? Mwenye afya au anayeugua?" Mteja alicheka, lakini swali lilikuwa la kweli. Rangi ambayo mtu anaitaja siyo anayoiwaza kichwani, na zote mbili hazifanani na ile atakayoiona ukutani saa saba mchana. Fundi, kwa maoni yake, hulipwa kwa ajili ya ile ya saa saba.

Mabango yalipohamia kwenye skrini, wenzake wengi walitafuta kazi nyingine. Yeye alibaki kwa ubishi. Inasemekana wiki ya kwanza alishika kipanya hewani kama brashi, akashangaa kwa nini hakichori. Baadaye akajifunza jinsi skrini inavyotengeneza rangi kwa mwanga, jinsi jicho linavyoupokea mwanga huo, na jinsi ubongo unavyotudanganya kila mara rangi moja inapokaa karibu na nyingine. Rangi ya chungwa iliyotulia kwenye weupe huwaka ukiiweka kwenye buluu iliyoiva. Ndiyo maana hakuvumilia mtu aliyekuja kwake na jina la rangi tupu. "Usiniambie kijani," alikuwa akisema. "Niambie hicho kijani kimekaa na nani."

Desturi yetu inayowashangaza wageni ni yake pia. Katika idara ya usanifu, ukurasa hauhesabiwi umekwisha mpaka uanikwe. Kuanika maana yake ni kuufungua kwenye simu ya bei nafuu yenye kioo kilichopasuka, kupunguza mwangaza wa simu, kisha kutoka nao uani jua likiwa kichwani. Usipoweza kusoma kitufe cha kubofya, rudi ndani ukaanze upya. Mteja mmoja alikuja kutia saini mkataba akakuta idara nzima imejipanga juani, simu juu, macho yamefinywa. Akamuuliza mlinzi kama jengo limeshika moto. Mlinzi hakuinua hata kichwa. "Hapana, wanaanika tu."

Nafasi hainitoshi kusimulia yote, lakini habari ya Bosi siwezi kuiruka, na mwenyewe amenipa ruhusa. Tulikuwa tunamwonyesha mteja ukurasa wa kuagiza gesi ya kupikia. Chini palikuwa na vitufe viwili vya mviringo visivyo na neno lolote, cha kijani cha kuthibitisha na chekundu cha kufuta. Bosi, mbele ya mteja, akafuta oda mara tatu mfululizo, na kila mara akatangaza kwa fahari kwamba imekwenda. Mteja akaanza kukohoa. Baada ya kikao Shangazi alimwita jikoni na kumwonyesha rafu ya vikombe.

"Bosi, nipe hicho cha kijani."

Bosi akampa chekundu.

"Tangu lini?" Shangazi akauliza.

"Tangu lini nini?"

Alipoelezwa kwamba kwake nyekundu na kijani ni ndugu wa tumbo moja, Bosi alitazama miguu yake. "Kumbe ndiyo maana mke wangu ananichagulia soksi."

"Pole, baba. Lakini kuanzia leo una kazi mpya."

Kazi hiyo anaifanya mpaka sasa. Hakuna ukurasa unaotoka kwetu rangi ikiwa ndiyo pekee inayobeba ujumbe; lazima kuwe na neno au alama, na Bosi ndiye kipimo. Akikwama, tumekwama. Mtu aliyepitisha rangi zetu kwa miaka bila kuziona sasa hupita mezani kwetu akitamba: "Sijaona kitu hapo. Rekebisheni."

Halafu ikaja zamu ya Shangazi mwenyewe kuwa kipimo.

Ilianza kama ugomvi wa buluu. Alikuwa akiikoleza mno. Ukurasa wa kliniki ya meno aliouandaa ulipiga kelele hata ukiwa umezimwa. Tukimwambia, anasema vijana wa siku hizi mna macho ya kuazima. Kisha akaenda kwenye harusi mguu mmoja una kiatu cheusi na mwingine kiatu cha buluu, na binti yake, fundi cherehani asiyesamehe mambo ya namna hiyo, akampeleka kwa daktari bila kumpa nafasi ya kubisha. Jibu lilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Lenzi ya jicho hubadilika kuwa ya manjano polepole sana, kiasi kwamba mwenyewe hajui kuwa anaitazama dunia kupitia chai. Buluu ndiyo huathirika mapema.

Alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Siku aliyorudi alisimama mbele ya skrini zetu, akafumba jicho moja, akafumba la pili, akarudia. Tulisubiri kama watu wanaosubiri hukumu.

"Nani aliniacha nitoe hii kliniki namna hii?"

"Shangazi, tulikuambia."

"Mliniambia kwa sauti ndogo!"

La kushoto lilitakiwa kufuata baada ya wiki chache. Halikufuata, kwa sababu Shangazi alikuwa amegundua faida yake. Akiziba jicho jipya kwa kiganja, anaona kile wanachokiona watu wengi wa umri wake: buluu hafifu inayeyuka kwenye weupe, zambarau haitofautiki na nyeusi. Tulikuwa tunatengeneza tovuti ya wastaafu wakati huo. Kila ukurasa ulipangiwa foleni mezani kwake. "Shangazi, hebu uangalie huu kwa la zamani." Naye anauangalia, anatoa makosa ambayo programu zetu za kupimia zilikuwa zimeyabariki. Daktari akipiga simu, jibu lilikuwa lile lile: mradi huu uishe kwanza. "Watumiaji wetu wana jicho kama hili," alituambia. "Mnataka nilitupe?"

Daktari alimweleza waziwazi kwamba lenzi ikikaa hivyo huzidi kuwa ngumu, na kadiri anavyochelewa ndivyo upasuaji unavyokuwa wa hatari zaidi. Sisi tuliona mengine. Alianza kushika ukuta akishuka ngazi. Akamimina chai kando ya kikombe, juu ya mkataba wa Bosi, akasema anauanika. Tulicheka, naye akacheka wa kwanza. Wiki iliyofuata alikosa kukanyaga ngazi ya uani, na goti lake likavimba.

Mwanzoni mwa mwezi huu Bosi alitangaza kwamba Shangazi akistaafu ataendelea kuja asubuhi mbili kwa wiki, kukagua kwa lile jicho. Tulipiga makofi. Shangazi mwenyewe alipiga makofi kuliko sote. Binti yake, aliyekuwa ameleta miwani iliyosahaulika nyumbani, alisimama mlangoni mikono ikiwa imeishika miwani ile. Wakati wa kutoka alinisubiri kwenye geti. Hakuwa na hasira.

"Dada, naomba kuuliza. Hilo jicho ni la mama au la kampuni?"

Niliondoka na swali hilo. Nilikuwa nimeshateuliwa kukalia kiti cha Shangazi, na foleni ile ilikuwa inakwenda kuwa yangu. Nilinunua plastiki ya manjano, ile ya kufunikia madaftari, nikaitandaza tabaka kwa tabaka juu ya skrini moja na kumwomba ailinganishe: jicho jipya kupitia plastiki, jicho la zamani bila plastiki. Aliongeza tabaka, akapunguza, akaitukana plastiki, akanitukana mimi kidogo. Mwisho akasema, "Inakaribia. Haina hasira, lakini inakaribia." Aidha, wazee wawili kutoka tovuti ya wastaafu wamekubali kuja kutusomea kurasa zetu. Mmoja ameshatutukana. Tuko salama.

Shangazi, kwa niaba ya idara nzima, asante. Asante kwa jua ulilotuchomea vichwa, kwa kila kijivu ulichokikataa, kwa kutufundisha kwamba upande wa pili wa skrini kuna mtu mwenye macho yake, siyo yetu. Upumzike vizuri, goti lipone, na macho yote mawili yashibe buluu kwa miaka mingi.

Tarehe ya hospitali ameipanga mwenyewe jana, kwa simu, akiwa amenipa mgongo na kupaza sauti kuliko simu ilivyohitaji. Ni Jumanne ijayo. Hakuwa tena na mradi wa kusingizia, kwa sababu Jumatatu asubuhi nililifuta jina lake kwenye mfumo wetu wa ukaguzi. Bosi nilimwambia baada ya kufuta, si kabla.